Msimharakishe kushuka dozi: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu methadoni

Dada, nimesoma ulivyoeleza habari za mdogo wako. Ana miaka 26, anavuta unga, yaani heroini, mwaka wa tano sasa, mmempeleka soba hausi, zile nyumba za kuacha unga bila dawa, mara mbili na mara zote mbili amerudi kijiweni kabla mwezi haujaisha. Sasa mmeambiwa kuna methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa unga, na baba mkubwa amekataa kwa kuwa anaona ni kubadilisha sumu kwa sumu. Unauliza kama ni kweli, na kama kuna mtu aliyewahi kupona kwa njia hiyo. Mimi nilianza kunywa methadoni 2014 na nikamaliza 2021. Nitakujibu kwa kirefu, univumilie.

Nianze na neno la baba mkubwa, maana hata mama yangu alilisema hivyohivyo. Unga nguvu yake ni ya saa chache tu. Ndiyo maana alfajiri mdogo wako anaamka kamasi zinamchuruzika, miayo haimwishi, vinyweleo vimemsimama, tumbo linamkata na mifupa inamuuma kama imetwangwa. Hiyo ndiyo arosto. Mtu akishafika hapo hatafuti starehe tena, anatafuta kete, kile kipakiti kidogo cha unga, ya kumwezesha kusimama tu. Mimi katika hali hiyo niliuza mtungi wa gesi wa mama. Uji ulikuwa jikoni haujaiva, mama yuko msalani. Nikafungua mpira, nikaweka sufuria chini, nikabeba mtungi begani nikatoka. Hata leo nikisikia harufu ya uji wa ulezi namkumbuka alivyotoka akakuta jiko halina moto.

Methadoni inakwenda kukaa palepale kwenye ubongo unga unapokaa, ila inapanda polepole na inadumu siku nzima na zaidi. Dozi ikishakaa sawa, arosto hakuna na stimu hakuna. Ni kweli mwili bado unaitegemea, hapo baba mkubwa hajakosea na msimfiche. Lakini mwambieni kwa heshima yake kwamba kitu kinachomwangamiza kijana wenu ni ule mzunguko wa kuamka mgonjwa, kutafuta hela kwa njia yoyote, kuvuta, kisha jioni kuanza upya. Huo ndio unaokatika. Mimi nilijua umekatika usiku mmoja, wiki ya tatu hivi tangu nianze. Nilisikia adhana ya alfajiri nikiwa kitandani, nguo kavu, tumbo limetulia. Nikalala tena. Kwa miaka sita sikuwahi kusikia adhana ile bila kuwa tayari niko njiani.

Hujasema mko mkoa gani. Kliniki za methadoni, Muhimbili ndio walioanza, mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Siku hizi zipo pia Tanga, Dodoma, Mbeya, Mwanza na Zanzibar. Dawa ni bure, na mtu yeyote akiwadai hela ya kumwandikisha mkimbieni. Mara nyingi unapitia kwa asasi zinazozunguka vijiweni; mle ndani kuna waelimisha rika ambao wenyewe walikuwa waraibu, wanajua kuongea na mtu kama mdogo wako kuliko mimi na wewe. Kliniki watampima mkojo, Virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini, watamhoji na daktari atampangia dozi. Siku yangu ya kwanza shangazi ndiye aliyenisindikiza, na kuwepo kwake kulinizuia kutoroka kwenye foleni.

Dawa yenyewe ni ya maji, kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Unainywa dirishani, mfamasia anakutazama. Unashushia maji, kisha unatakiwa useme neno ili aone mdomo ni mtupu. Mimi nilikuwa nasema "asante sista" kila siku, na yule dada alikuwa anajibu kwa jina langu. Kijiweni nilikuwa na jina la utani tu. Ilikuwa miaka mingi sijaitwa jina langu na mtu asiye wa nyumbani.

Sasa shika hili kuliko yote: wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari. Wataanza na dozi ndogo, pengine miligramu 20 au 30, na mdogo wako atarudi analalamika kwamba haimtoshi, arosto iko palepale. Atasema kweli. Lakini methadoni hujikusanya mwilini, ya jana haijaisha ya leo inaongezeka juu yake, kwa hiyo dozi ileile ya Jumatatu inakuwa na nguvu nyingine kabisa ifikapo Ijumaa. Kijana asiyejua anajazia kwa kete, au pombe, au valiamu za kununua mtaani, analala na haamki. Siku hizo kaeni naye. Mkimwona amelala anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi, anapumua kwa nadra na mkimtikisa haamki, msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali, na mtaje mapema kwamba yuko kwenye methadoni. Kuna sindano ya naloksoni inayozuia nguvu ya dawa hizi.

Kuhusu soba hausi, sizipingi, kuna waliosimama kupitia huko. Ila mtu akikaa miezi mitatu bila unga, mwili unasahau kuuhimili huku kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Tulikuwa wanne tunaolala kibanda kimoja. Mmoja familia ilimpeleka akakaa miezi minne, akarudi amenenepa, ana shati jeupe, tukamfurahia sana. Jioni ileile akatumia kiasi alichokuwa anatumia siku zote. Tulimzika kesho yake alasiri. Mdogo wako ametoka soba hausi mara mbili na yuko hai, Mungu amewapa nafasi. Kumpeleka mara ya tatu bila dawa yoyote, mimi nisingethubutu.

Mwaka wa pili niligundulika na kifua kikuu. Nikaanzishiwa vidonge, na baada ya siku kumi hivi arosto ikarudi usiku, jasho, miguu inarusha mateke yenyewe. Nyumbani wakajua nimeanza tena. Kwenye zahanati moja niliambiwa usoni kwamba teja hakosi kisingizio. Nilirudi mtaani nimekata tamaa, nikapita karibu kabisa na kijiwe. Aliyeniokoa ni daktari wa kliniki ya methadoni, aliyenieleza kwamba rifampisini iliyomo kwenye vidonge vya kifua kikuu inafanya mwili uichome methadoni haraka. Akanipandisha kidogokidogo kutoka 90 hadi 140, nikalala. Nilipomaliza miezi sita ya vidonge wakaanza kunishusha, maana bila rifampisini dozi ile ingekuwa kubwa mno kwangu. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU nazo hufanya hivyo. Kwa hiyo kila atakapoandikiwa dawa mpya, hata na daktari wa mtaani, dirishani wajue. Na akilalamika kwamba dozi haimkai, aaminiwe kwanza, apimwe, ndipo mhukumu.

Kinachowashinda wengi ni kwenda kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kuna kipindi nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Tandale hadi Mwananyamala, mvua za masika zimejaza barabara. Ukikosa siku tatu mfululizo wanakupunguzia dozi, ukikosa zaidi huenda ukaanza upya, na hiyo si adhabu, ni kwa sababu ileile iliyomuua rafiki yangu. Basi familia ikitaka kusaidia, isaidie nauli, na kwa miezi ya mwanzo mtu amsindikize badala ya kumpa hela mkononi. Nje ya geti watakuwepo wa kumshawishi. Baadaye atafutiwe kazi ya kuanza saa nne au mchana. Mimi mjomba alinichukua gereji, akakubali niingie nikishakunywa dozi. Bila saa zile mbili alizonisamehe kila asubuhi sijui ningefika wapi.

Atatoka jasho sana na choo kitakuwa kigumu, apewe papai na maji ya kutosha. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua, na kama ana mwenza wazungumze na mshauri mapema. Kwa dada zetu wanaosoma hapa: ukishika mimba usiache methadoni ghafla, nenda kliniki ukawaambie.

Umeuliza pia mwisho wa kunywa methadoni ni lini. Naelewa, ila swali hilo ndilo lililokaribia kunirudisha. Baada ya miezi minane nilikuwa nimenawiri, nyumbani wakaanza, "Si umepona? Acha basi." Nikaomba nishushwe haraka kuwaridhisha. Nilipofika 40 nikavuta. Daktari akanirudisha juu bila kunigombeza. Mara ya pili nilisubiri mpaka nikawa na chumba changu na kazi isiyotetereka, nikashuka miligramu chache kwa wakati, na wiki nikisikia mwili unasumbua tunasimama hapohapo. Ilichukua karibu miaka miwili. Ninaowajua wengine bado wanakunywa, wana watoto na biashara zao, na siwaoni kuwa nyuma yangu.

Zungumza naye asubuhi akiwa na arosto, kabla hajatoka. Jioni akiwa ameshavuta atakukubalia kila kitu na kesho hatakumbuka. Kisha niandikie mko mkoa gani nikuelekeze asasi ya kuanzia. Akishaanza, uwe unaniambia dozi aliyofikia na usingizi wake ukoje, hasa zile wiki mbili za kwanza.