Neno la mwaka: chukua lile linalokukataza kitu

Mdogo wangu, umeuliza kama hili jambo la kuchagua neno moja la kukuongoza mwaka mzima lina maana au ni mapambo ya mitandaoni, na kama kati ya "Ukuaji", "Nidhamu" na "Baraka" uchukue lipi. Umesema pia una kiwanja Chanika chenye msingi mtupu, kozi ya uhasibu iliyoishia katikati, na orodha ya malengo ambayo ikifika Machi huikumbuki tena. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nakujibu kutokea kwenye fremu yangu.

Lina maana, ila si kila neno. Linalofaa ni lile linalokukataza kitu. Lisipokukataza chochote, libandike sebuleni karibu na kalenda, halina madhara.

Katika ushonaji hela inakuja mwanzoni. Mteja analeta kitambaa, unampima, anaacha kianzio, mara nyingi nusu. Kukata ni kazi ya muda mfupi na ni tamu: kitambaa bado kina harufu ya dukani, mkasi unateleza, na hela iko mfukoni. Kinachobaki ni kile kisicholeta hela mpya: pindo, vifungo, bitana, zipu inayotaka kuwekwa ikafumuliwa ikawekwa tena, halafu pasi. Fundi akifuata hela tu, atakata sana na kumalizia kidogo. Pita kwenye fremu ya fundi wiki moja kabla ya Idi uangalie rafu zake. Gauni limeunganishwa mabega tu, suruali haina mkanda, vitambaa vilivyokwishakatwa vimekunjwa na majina ya wenyewe yamebanwa kwa pini. Na wenyewe wako mlangoni: "Fundi, si ulisema Jumatano?"

Basi neno langu likawa MALIZA. Sikulianza Januari. Januari kwetu ni sare za shule, hakuna anayekaa kutafakari maisha wakati wazazi wamepanga foleni. Nilianza baada ya Idi, biashara inapotulia na mtu anapata nafasi ya kufungua daftari. Na wewe usiing'ang'anie Januari. Mkulima mwaka wake unaanza mvua zinapokaribia.

Nililiandika kwa chaki ya fundi pembeni mwa meza ya kukatia, pale mkono wa kushoto unapoegemea. Chaki inafutika kwa siku moja, kwa hiyo anayefungua duka asubuhi analiandika upya, na mara nyingi ni binti ninayemfundisha kazi. Sikuliandika kwenye simu, makusudi. Kishawishi changu hakiko kwenye simu, kiko mezani.

Masharti yake yalikuwa mafupi: mkasi haushikwi kama kwenye mashine kuna nguo ambayo haijafika kwenye pasi. Mteja mpya anapokelewa, ila anapewa tarehe ya kweli, si ya kumridhisha. Wapo waliokunja vitambaa vyao wakaenda kwa fundi wa jirani, na mmoja alikuwa na sare za kamati nzima ya harusi. Iliniuma. Lakini nililijua neno hilo lina bei tangu siku nilipolichagua. Yule binti nikampa ruhusa moja: akiniona nimeshika mkasi kabla ya wakati, aseme "Dada, maliza", hata mbele ya watu. Aliitumia ruhusa hiyo bila huruma. Nilikuwa nanuna, halafu narudi kwenye vifungo.

Sasa malengo, maana hilo ndilo ulilouliza hasa. Neno halichukui nafasi ya malengo, linayachuja. Daftari langu lilikuwa na haya: kununua mashine ya ovaloki, kufungua fremu ya pili, kujifunza kushona suti za kiume, kulipa mkopo wa kikoba, kuongeza chumba nyumbani. Nikalipitisha neno juu ya kila moja. Fremu ya pili nikaifuta hapohapo, ule ulikuwa mwanzo mwingine. Suti zikabaki, kwa sababu mafunzo nilikuwa nimeshayafika nusu na ada ilishalipwa. Mkopo wa kikoba ukapanda juu kabisa, na nikaamua sichukui mwingine kabla huo haujaisha, ingawa kila siku ya kikao mtunza hazina huniuliza kwa sauti tamu, "Mama, awamu hii hukopi?" Ovaloki ikabaki kwa sababu bila yenyewe umaliziaji wa pindo za ndani unakula saa nzima. Chumba kikasogezwa mbele. Tarehe na viwango vya hela niliviandika kama kawaida. Neno bila hesabu ni nia njema tu.

Na kuna mahali halifiki. Mama yangu alipougua, nililiweka kando. Kuuguza hakuna ratiba ya kumaliza, na sikuona sababu ya kulibebesha neno la mezani mzigo wa wodini.

Nimeyaona pia ya wenzangu. Mama lishe tunayepakana naye alichagua "Pima". Alikuwa anapakua wali kwa jicho, mteja mchangamfu anapata mlima na mkimya anapata kilima. Akaanza kupakua kwa bakuli moja, mafuta akayapima kwa kikombe, na mwisho wa siku akawa anajua sufuria moja imetoa sahani ngapi. Hilo ni neno. Kaka yangu yeye alichukua "Mafanikio", akaliweka kwenye stetasi, mwaka ukaisha. Mafanikio hayamkatazi mtu kitu, mtu anaweza kulala mpaka saa nne huku anayataka mafanikio. Aliyenichekesha zaidi ni rafiki yangu anayeuza vitenge kwa mkopo. Alichagua "Amani". Kila ilipofika siku ya kudai, akasema hataki kuvunja amani yake. Wadeni wake waliishi kwa amani kubwa. Ndiyo maana nasema jihadhari na neno linaloafikiana na udhaifu wako, litakupa maneno mazuri ya kuendelea ulivyo.

Wapo waliokujibu kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Kuliita neno la mwaka na kulitangaza Januari, labda. Lakini kuongozwa na neno sisi tumekulia humo. Baada ya uhuru wa 1961 watu walikuwa wakiambiwa "Uhuru na Kazi", majirani zetu Kenya wakawa na "Harambee", na Harambee haikubaki midomoni, ilijenga shule kwa michango ya wanakijiji. Mwaka 1973 tukawa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na wakiondoka pale wanajua cha kufanya: chimba choo, fyeka majani yanayozunguka nyumba, chemsha maji. Ilikuwa na nguvu kwa sababu ilifika mpaka kwenye jembe. Tumekuwa na kaulimbiu nyingine nyingi ambazo ziliishia kwenye fulana.

Hata kanga tunachagua kwa maneno yake. Ila maneno ya kanga mara nyingi anatupiwa mwenzio. Ukivaa "Usisafirie nyota ya mwenzio" ukapita uani, kila mtu anajua jirani gani anaambiwa. Hili la kwako jirani halimhusu.

Namna ya kulipata: usikae chini ukajiuliza unataka kuwa nani. Utapata maneno makubwa tu. Kusanya malalamiko. Mkeo analalamika nini mwezi kwa mwezi? Bosi wako, anayekudai, mwanao? Yakijirudia kutoka kwa watu wawili wasiojuana, neno lako liko karibu na hapo. Liwe la kutenda, jambo ambalo mtu mwingine anaweza kukuona ukilifanya au hulifanyi. Kisha lijaribu: Jumamosi hii litanizuia nini? Ukikosa jibu, tafuta jingine.

Kwa haya matatu yako: "Baraka" si kazi yako kuileta, mwombe Mungu lakini usiifanye mpango wa mwaka. "Ukuaji" nina wasiwasi nao kabisa, kwa sababu mtu mwenye msingi Chanika na kozi nusu akijipa neno hilo ataanza jambo la tatu na kuliita ukuaji. "Nidhamu" ina afadhali, ila nidhamu ya nini? Ya hela? Basi sema "Andika", na kila shilingi inayotoka iandikwe kabla hujalala, hata ile ya bodaboda. Ya muda? Basi "Rudi": ukitoka kazini unarudi nyumbani kwenye vitabu vya uhasibu, hupitii kijiweni. Mimi kwa maelezo yako ningechukua hili la pili, maana kozi ina tarehe ya mtihani na msingi wa nyumba hauozi.

Kuhusu kubadilisha katikati ya mwaka, badilisha tu kama hali imebadilika. Kama limeanza kuuma, liache liume kidogo kwanza, ndipo linapoanza kufanya kazi.

Na uliuliza kama mume na mke wachague neno moja. Kwangu hapana. Mume wangu hana neno lolote, ananicheka na chaki yangu, na mambo yake yananyooka kuliko yangu.