Mpunga wa China, mchele wa India

SWALI: Natafsiri taarifa ya Kiingereza inayolinganisha takwimu za kilimo za nchi za Asia na Pasifiki. China imeandikiwa tani milioni 208 kwa mwaka 2022, India tani milioni 135 kwa msimu wa 2022/23, na zao limetajwa kwa neno moja tu. Mhariri anataka niandike "mchele" kote ili msomaji asichanganyikiwe. Yuko sahihi? Na je, "mavuno" na "tija" ni kitu kimoja? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa hili usimfuate mhariri, ingawa nia yake ni njema. Mchele haupandwi wala hauvunwi. Ulio shambani, na hata uliokwisha kupurwa lakini bado una ganda, ni mpunga. Ukikobolewa ni mchele, ukiiva ni wali. Mtoto wa Kyela au Mbarali hahitaji kufundishwa haya. Magazeti yetu huandika "wakulima wa mchele" kila kukicha, na katika habari ya kawaida hakuna anayeumia. Kwenye jedwali la takwimu watu wanaumia.

Tatizo ni kwamba China hutangaza mpunga, India hutangaza mchele. Ukiandika "mchele" kote, msomaji ataona India imeachwa nyuma kwa tani zaidi ya milioni 70. Kumbe kilo 100 za mpunga hutoa mchele wa kilo 60 hadi 70 hivi, kutegemea mbegu na mashine. Zinazobaki ni maganda na pumba. Tukikadiria theluthi mbili, mchele wa India umetokana na mpunga wa tani milioni 202 au zaidi kidogo. Pengo limebaki tani milioni chache tu. Kwa hiyo andika: "Mwaka 2022 China ilizalisha mpunga tani milioni 208, msimu wa 2022/23 India ilizalisha mchele tani milioni 135, sawa na mpunga tani milioni 202 hivi." Sentensi ni ndefu, lakini mhariri akikata kipande cha mwisho atakuwa amekata habari yenyewe.

Kiingereza nacho kina neno lake la mpunga, ila waandishi wake hulitumia wanapokumbuka. Waindonesia hawana shida hiyo: wana gabah, beras na nasi, zinazokaa sawasawa na mpunga, mchele na wali wetu. Takwimu zao za taifa za mwaka 2023 zilitoa namba mbili, gabah tani milioni 53.98 na beras ya kuliwa tani milioni 31.10. Wafilipino wana palay, bigas na kanin. Ukipata taarifa ya asili kutoka nchi hizo, itumie. Itakuepusha na kubahatisha.

Angalia pia Japani. Wao huhesabu genmai, mchele ulioondolewa ganda la nje lakini haujasuguliwa ukawa mweupe. Hapo "mpunga" ni kosa, na "mchele" peke yake unapotosha. "Mchele wa kahawia" unatosha.

Ukifika visiwa vya Pasifiki utakutana na jambo hilohilo kwenye minazi. Nazi nzima ni nazi. Nyama yake iliyokaushwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta ni mbata. Kiribati na Visiwa vya Solomon huuza nje mbata, na tani ya mbata hailingani hata kidogo na tani ya nazi zenye vifuu. Nashangaa kuona watafsiri wakiandika "kopra" ilhali watu wa pwani wana neno lao tangu zamani.

Sasa mavuno na tija. "Mavuno" yanabeba maana mbili, jumla iliyopatikana na kiasi kwa eneo, kwa hiyo kwenye takwimu yanateleza. Jumla iite "uzalishaji". Tani kwa hekta ziite "tija", kama wanavyosema mabwana shamba. Lakini hata hekta yenyewe iulize. Vietnam mwaka 2023 ilipata mpunga tani milioni 43.5 kwenye hekta milioni 7.1 hivi, ilhali ardhi yake ya mpunga haifiki hekta milioni 4. Jaruba moja hupandwa mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila mara huhesabiwa upya. Usiandike "ardhi ya mpunga" hapo, andika "eneo lililopandwa", na tija itatoka tani 6 kwa hekta kwa kila msimu, siyo tani 11.