Jibu: Kamera ya filamu Canon AE-1 ya kurithi, ina thamani gani?

Salaam mkuu. Umeuliza kama Canon AE-1 aliyoacha mzee ni mali adimu kwa kuwa ni ya zamani. Adimu hapana, ilitoka 1976 na ziliuzwa mamilioni. Bei yake iko kwenye uzima.

Mimi nikikagua hizi naanza na betri ya volti 6, maana bila hiyo haifyatui kabisa. Piga picha ukisikiliza: ikilia kama bawaba kavu, mafuta ya ndani yamekauka, na mnunuzi mjanja atakukata bei hapo. Kisha mulika lenzi kwa tochi utafute kuvu, zile nyuzi nyeupe. Sponji za mlango wa nyuma zikiwa zimeoza, usihangaike, hubadilishwa kirahisi.

Kiasi siwezi kukutajia kabla hujatuma picha ya lenzi. Lenzi ya 50mm f/1.4, yenye tundu pana zaidi la kupitisha mwanga, huwa na bei kubwa kuliko ya f/1.8.