Wakikupa beseni la kuoshea injini, lichukue na udai maikromita juu yake

Wiki hii nimeandikiwa na binti anayesoma ufundi magari. Kundi lao limepewa injini moja waifungue, waipime, waifunge upya na kuiwasha, na mradi huo ndio wenye alama nyingi za mwisho. Akaniuliza: "Dada, wenzangu wameshagawana kazi. Mimi wamenipa kuosha vipuri. Nimwombe mwalimu anibadilishie?"

Mdogo wangu, usibadilishe. Hilo ndilo jibu langu fupi. Jibu refu linafuata hapa chini, na ninyi wengine mnaosubiri mradi kama huo someni pia, kwa sababu najua hakuna hata mmoja wenu aliyeingia darasa la magari ili aje ashike tochi wenzake wakifanya kazi.

Mimi nami nilipewa beseni. Injini yetu ilikuwa 4A-FE ya Toyota, ya petroli, silinda nne, valvu 16, cc 1,587. Ililetwa karakana ikiwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu, na ukiongeza moto ilikuwa inagonga kwa chini. Kiongozi wa kundi alikuwa kijana aliyekulia gereji, na sikatai kwamba spana alikuwa anaijua. Kabla mkufunzi hajamaliza maelezo, yeye alikuwa ameshagawa kazi: hawa hedi (kichwa cha injini chenye valvu), hawa bloku (mwili wake wenye silinda), yeye mwenyewe kufunga na kuwasha. Kisha akanigeukia akaniambia, "Wewe osha, mikono yako laini haitakwaruza vipuri." Kundi zima likacheka. Kicheko kile bado ninakisikia, na sitajifanya nimekisahau.

Sasa angalia kilichotokea. Waliopewa hedi waliijua hedi. Waliopewa bloku waliijua bloku. Mimi kila kipuri cha injini ile, kuanzia pistoni hadi kichujio cha pampu ya oili, kilipita mkononi mwangu kikiwa bado na uchafu wake. Uchafu ule ndio unaokueleza injini imekufaje. Ukishaoshwa na mtu asiyetazama, ushahidi wote unakwenda na maji.

Nilianza na sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Chini kabisa, kwenye tope la oili, kulikuwa na chembe za chuma zinazong'aa. Nikazikusanya kwenye kitambaa cheupe na kuziweka pembeni. Nilipofika kwenye beringi za konirodi (mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, mhimili mkuu unaozunguka) nikazipanga mezani kwa namba zake, moja hadi nne, kila kipande cha juu na cha chini chake. Tatu zilikuwa za kijivu, zimechakaa kwa usawa kama inavyotakiwa kuwa kwa injini ya umri ule. Ya silinda namba tatu ilikuwa habari nyingine. Tabaka la kijivu lilikuwa limeisha, rangi ya shaba imejitokeza nje, na mistari imezunguka kiasi kwamba kucha inakwama ukiipitisha. Aliyekuwa anagonga kwa chini tukawa tumempata mwenyewe.

Wengi wangeishia hapo: beringi imekufa, nunua mpya. Lakini beringi moja haifi peke yake bila sababu wakati wenzake watatu wako salama. Nikachukua krankshafti. Ndani yake kuna vitundu vinavyopitisha oili kutoka kwenye beringi kubwa, zile zinazoishikilia kwenye bloku, kwenda kwenye kila konirodi. Nikaingiza brashi nyembamba kwenye kitundu cha namba moja, ikapita. Namba mbili, ikapita. Namba tatu ikagoma. Nikamimina mafuta ya taa, nikasubiri, nikasukuma tena taratibu, likatoka donge jeusi la oili iliyoungua na kukauka. Yaani konirodi ile ilikuwa inazunguka karibu kavu.

Nikamwita kiongozi. Akatazama mara moja akasema beringi mpya zinakuja, kwa hiyo tatizo limekwisha. Sikubishana naye. Nilibeba vile vipande vya beringi, kile kitambaa chenye chembe na lile donge, nikaenda moja kwa moja kwa mkufunzi. Alisimamisha kazi za makundi yote akatuita tuzunguke meza. Aliwaambia wazi kwamba beringi mpya juu ya kitundu kilichoziba ingekufa vilevile, na injini ingerudi mezani. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Nalisema hili kwa fahari, na sioni sababu ya kulipunguza.

Kwa hiyo jambo la kwanza: osha ukiwa unatazama. La pili ni kama la kwanza: usioshe kitu kabla hujakitazama. Vyote viwili vinahitaji mpangilio. Kofia za konirodi hazibadilishani, kila moja ilichongwa pamoja na mwenzake na lazima irudi hapohapo na kwa upande uleule. Kofia za beringi kubwa zina namba na mshale unaoelekea mbele ya injini. Valvu, springi zake, vikombe na visahani vya kurekebishia nafasi, kila kimoja kirudi kwenye tundu lake. Mimi nilitoboa boksi la karatasi ngumu, nikaandika namba, nikavichomeka humo. Kundi la jirani waliosha kila kitu kwenye ndoo moja, halafu wakakaa muda mrefu sana wakipima valvu upya kwa sababu hawakujua kisahani kipi kilitoka wapi.

Kuosha kwenyewe nako kuna elimu yake. Tumia mafuta ya taa au dawa ya kuoshea vipuri, kamwe si petroli, kwa sababu mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo tu na karakana haikosi cheche. Vipuri vya alumini, kama hedi na pistoni, visiguswe na magadi makali ya kuyeyushia mafuta, yanaila alumini. Fungua vizibo vya njia za oili kwenye bloku, vile vidogo ambavyo kila mtu anavipita, kisha upitishe brashi mpaka mwisho. Bila hivyo unaosha sura tu. Kwenye pistoni, mfereji wa ringi (pete inayozunguka pistoni) ya chini una vitundu vya kurudishia oili. Vyetu vilikuwa vimezibwa na masizi karibu vyote. Oili iliyokwanguliwa ukutani haikuwa na pa kurudi, ikawa inapanda juu kuungua na petroli. Moshi wa bluu ule ulikuwa unatoka hapo, pamoja na ringi zilizochoka. Nilikwangua mifereji kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjika, polepole, maana ukikwangua chuma chenyewe ringi mpya itacheza.

Halafu maikromita, kile kipimo cha kupimia unene na kipenyo kwa sehemu ndogo sana za milimita. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kuliko mahali pengine pote. Aliyeosha kipuri ndiye anayekijua, kwa hiyo ndiye anayestahili kukipima. Usisubiri ukaribishwe. Kipuri kikikauka, chukua kipimo upime, andika kwenye daftari, kisha uwaite. Ukifanya hivyo mara mbili tatu hawatakunyang'anya tena, kwa sababu namba zote za kundi zitakuwa kwako na kila mtu atakuja kukuuliza.

Silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali pande mbili zinazokingamana. Kwa kawaida huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi zinapogeukia, kwa hiyo ukipima katikati tu utadanganyika. 4A-FE ikiwa mpya kipenyo chake ni milimita 81. Silinda zetu zilikuwa bado ndani ya kiwango cha kitabu, kwa hiyo hatukuhitaji pistoni za saizi kubwa, ringi mpya zilitosha. Shingo ya krankshafti, ile sehemu inayozunguka ndani ya beringi namba tatu, ilikuwa imepoteza uduara, ukipima huku unapata namba moja, ukigeuza unapata nyingine. Krankshafti ikapelekwa kuchongwa, shingo zote nne za konirodi zikapunguzwa milimita 0.25, na beringi zikanunuliwa za saizi hiyo. Hedi ya alumini hulazwa rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu na kwa mshazari, kisha unajaribu kupenyeza fila geji (kipande chembamba cha chuma chenye unene unaojulikana) chini yake. Injini nyingi kitabu chake hakiruhusu zaidi ya milimita 0.05. Huo ni wembamba ulio chini ya unywele wa kichwani, na ndio unaoamua kama gasketi itashika au maji yataingia kwenye oili.

Kuna ugomvi mmoja nilioushinda ambao lazima niuseme. Silinda zilisuguliwa kwa mawe ili zipate ile mistari iliyopishana ya kushika oili. Wenzangu wakazipangusa kwa mafuta ya taa wakasema tayari, tufunge. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakipitisha ndani ya silinda namba moja. Kikatoka kijivu. Wakapangusa tena kwa mafuta ya taa, kikatoka kijivu tena. Vumbi la mawe ya kusugulia hujificha ndani ya ile mistari na mafuta ya taa hayalitoi. Linalolitoa ni maji ya moto, sabuni na brashi ngumu. Waliniambia kwamba nataka kutia kutu bloku nzima. Nikaosha mwenyewe, namba moja hadi nne, narudia mpaka kitambaa kikabaki cheupe, nikakausha kwa upepo wa kompresa, na papo hapo nikapaka oili kila ukuta, kwa sababu chuma kitupu kikikauka huanza kushika kutu muda uleule. Fikiria vumbi lile lingebaki. Ringi mpya zingesagwa kabla injini haijafika popote, na lawama zingekwenda kwa aliyeuza ringi.

Kufunga sitakuchosha nako, kila kitabu kinaeleza. Ringi iingie silindani kwanza ikiwa peke yake, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime nafasi ya midomo yake kwa fila geji. Matundu ya bolti za hedi yakaushwe kabisa, kwa sababu oili au maji yaliyobaki chini ya tundu hayakandamiziki, na ukikaza bolti juu yake unaweza kupasua bloku. Kaza kuanzia katikati ukienda nje, kwa hatua, kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) na namba za kitabu cha injini yako, si ya kufanana nayo. Na wenye 4A-FE, kumbuka kwamba mkanda unazungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) moja tu, ya pili inazungushwa na gia kati yao, na gia hiyo ina springi ndani. Ifunge kwa bolti yake ndogo kabla hujaitoa.

Siku ya kuwasha tuliondoa plagi na kukata petroli, tukazungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika. Tukarudisha plagi. Kiongozi akapiga ufunguo, ikashika. Mlio safi, hakuna kugonga, na moshi wa kwanza, wa oili za kufungia zilizokuwa zinaungua, ukaisha wenyewe. Walishangilia, wakambeba juu. Kwenye ripoti ya kundi jina langu liliwekwa mwisho, na mbele yake waliandika "usafi". Iliniuma. Inaniuma mpaka leo ninapoandika, kwa sababu injini ile isingefika siku ile bila usafi huo.

Lakini mtihani wa mdomo kila mtu aliingia peke yake. Mkufunzi alikuwa anachagua kipuri chochote mezani na kuuliza kilichokutwa, kipimo chake na uamuzi uliofuata. Waliogawana hedi waliulizwa bloku, wakanyamaza. Mimi niliulizwa pistoni, krankshafti, hedi na pampu ya oili, na nilijibu kwa namba, daftari likiwa limefungwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Jumatatu ingia na vitu hivi: glavu zisizopitisha mafuta, brashi nyembamba za saizi mbili tatu, vitambaa vyeupe vingi (vya rangi havikuonyeshi kitu), kalamu ya kuandikia chuma na daftari gumu. Mwambie kiongozi wenu kwamba umekubali kuosha, na kwamba vipimo vya kila utakachoosha utavichukua wewe. Mwambie mbele ya mkufunzi. Akikataa, mwombe mkufunzi si kazi nyingine, bali maikromita.

Na ukikuta chochote kwenye sampu, kipige picha na unitumie kabla hujakigusa.