Maswali ya Wasomaji: Nchi Hufilisikaje?

SWALI
Assalaam alaykum, Mwalimu. Tulikaa vijana hapa Wete tukatazama filamu ya Fernando Solanas ya mwaka 2004, inayoonesha jinsi Argentina ilivyoporwa na wanasiasa wake hadi ikaanguka mwaka 2001. Mjomba wangu, mfanyabiashara wa siku nyingi, anasema filamu inatia chumvi: wezi wapo kila nchi, na nchi huangushwa na hesabu mbovu, si rushwa. Tumebishana mpaka tumenuniana. Nani ana haki? Vipi benki imzuilie mtu pesa zake mwenyewe? Wakubwa wale walifungwa? Na sisi huku tuangalie lipi?
Msomaji wa kike, Wete, Pemba

JIBU
Waalaykum salaam, mwanangu. Mjomba wako ana haki kwenye hesabu, nawe una haki kwenye wizi. Mlipokosea nyote ni kuvitenga viwili hivyo.

Nianze na hesabu. Mwaka 1989 bei za Argentina zilipanda kwa zaidi ya asilimia 3,000. Aprili 1991, Rais Carlos Menem na waziri wake wa uchumi, Domingo Cavallo, wakaweka sheria ya kuifunga sarafu yao na dola, na tangu Januari 1992 peso moja ikawa sawa na dola moja. Bei zikatulia, watu wakapumua, wakakopa kwa dola na kuweka akiba kwa dola. Ila serikali iliyojifunga hivyo haiwezi kuchapisha noti ikiishiwa. Ikitumia kuliko inavyokusanya, itakopa dola ama itauza mali, na wao walifanya yote mawili. Simu na shirika la ndege viliuzwa 1990, zikafuata gesi, maji na reli, na kampuni ya mafuta, YPF, ikaishia mikononi mwa Repsol ya Hispania mwaka 1999. Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, Brazil, mteja wao mkubwa, ikaiachia sarafu yake ishuke, na bidhaa za Argentina zikawa ghali kupita kiasi. Mtu akiuza mikarafuu yake mmoja mmoja kulipia karamu, msimu ukifika hana mti wa kuchuma.

Sasa mwulize mjomba: mali hizo ziliuzwa vipi? Tarehe 26 Machi 1992 bunge lilikutana kupiga kura ya kuuza shirika la gesi. Wabunge hawakutimia. Mtu asiyekuwa mbunge akakaa kwenye kiti cha mbunge, akahesabiwa pamoja nao ili akidi itimie. Waandishi wa habari wakamgundua, kura ile ikafutwa. Basi wakapiga kura nyingine, na kabla mwaka haujaisha gesi ikauzwa vilevile. Ndugu zangu mnaosema rushwa ni bahasha tu, hapo ndipo pa kutazama. Hasara ya rushwa haipimwi kwa kilichomo ndani ya bahasha. Hupimwa kwa saini iliyonunuliwa, na mkataba wa miaka 30 uliotiwa saini na mtu aliyenunuliwa utawatafuna wajukuu wake na wenu.

Na madeni ni hivyohivyo. Wanajeshi walipochukua nchi mwaka 1976, deni la nje lilikuwa kiasi cha dola bilioni 8. Walipoondoka 1983 lilikuwa kiasi cha bilioni 45. Raia mmoja, Alejandro Olmos, alikwenda mahakamani mwaka 1982 kuhoji deni hilo. Mwaka 2000 Jaji Jorge Ballestero akaeleza kwamba ameona mambo yaliyokiuka taratibu zaidi ya 470, akalipeleka jalada bungeni. Bunge halikufanya la maana. Walioajiriwa kuuliza walinyamaza, na kimya chao ndicho kilichoziacha hesabu mbovu za mjomba wako ziendelee miaka yote hiyo. Kwa hili sina shaka hata kidogo.

Kuhusu benki. Pesa unayoweka hailali sandukuni, hukopeshwa, na kule sehemu kubwa ilikopeshwa serikali yenyewe. Mwaka 2001 watu waliingiwa na hofu wakaanza kutoa. Mwanzoni mwa Disemba serikali ikaamuru mtu asitoe zaidi ya peso 250 kwa wiki. Januari 2002 ile sheria ya peso moja kwa dola moja ikavunjwa, na Februari kila dola iliyokuwa benki ikageuzwa kwa amri kuwa peso 1.40, ilhali kufikia katikati ya mwaka dola ilishapita peso 3. Aliyeweka dola 10,000, tuseme za kujengea nyumba, akaandikiwa peso 14,000, yaani chini ya nusu ya haki yake. Wenye mikopo ya dola katika benki za nchini wakahesabiwa peso moja tu kwa kila dola. Mkopaji mdogo alipata nafuu, sikatai, lakini kampuni kubwa zilizokopa mamilioni ziliona deni lao likiyeyuka, na aliyelipia ni mwenye akiba. Mwisho wa mwaka huo zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa maskini, katika nchi inayouza ngano na nyama duniani. Nikifika hapa damu hunichemka.

Solanas mwenyewe alikuwa mpinzani wa Menem, akapigwa risasi za miguu mwaka 1991 baada ya kumtuhumu hadharani, kisha akawa mbunge 1993 hadi 1997. Filamu yake ni ya mshitaki. Muamini kwa anachokuonesha, ila utafute na kitabu cha uchumi.

Kufungwa? Menem aliwekwa kizuizini nyumbani mwaka 2001 kwa kesi ya kupeleka silaha Croatia na Ecuador kwa magendo. Mwaka 2013 akahukumiwa miaka 7, lakini jela hakuingia kwa kuwa kinga ya useneta ilimlinda. Baadaye hukumu ikatenguliwa, naye akafa Februari 2021 angali seneta. Kesi ya hongo ya Seneti ya mwaka 2000, iliyomfanya makamu wa rais Carlos Álvarez ajiuzulu, iliishia kwa washitakiwa wote kuachiwa.

Huku kwetu shilingi haikufungwa na dola, kwa hiyo mtego ule si wetu. La kuangalia ni mikopo na mikataba. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Zanzibar hutoa ripoti, nayo hufika Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Mwakilishi wako akija Wete, msimuulize barabara tu. Muulizeni hoja zipi za ripoti iliyopita zimejibiwa, na nani kazijibu. Mwende na mjomba.

SWALI
Mwalimu, nasikia watu wa Argentina walimtoa rais kwa kupiga sufuria. Ni kweli?
Msomaji, Makunduchi

JIBU
Sufuria zilipigwa kweli. Usiku wa tarehe 19 Disemba 2001 Rais Fernando de la Rúa alitangaza hali ya hatari kwenye televisheni, na watu wa Buenos Aires, akina mama na watoto wao, wakatoka wakigonga masufuria wakisema waondoke wote. Cavallo, aliyekuwa amerudi kuwa waziri wa uchumi, akajiuzulu usiku huohuo, rais kesho yake. Lakini usidhani ilikuwa shangwe tupu. Watu wapatao 39 waliuawa siku mbili hizo nchi nzima, na ni mwaka 2016 tu ndipo mahakama ilipowatia hatiani baadhi ya wakuu wa usalama kwa vifo vya katikati ya mji.