Jibu: Gibson yangu iko dukani, muuzaji hashiki simu

Habari ndugu. Umemwachia muuzaji wa mjini gitaa lako la Gibson akuuzie kwa kamisheni, sasa kimya. Usipige simu tena, nenda mwenyewe. Likiwepo, ondoka nalo, hata akikuambia mteja anakuja kesho (huyo mteja huwa haji). Langu nililikuta dirishani, jua la saa nane likilichoma.

Mliandikiana? Karatasi ilifaa iseme gitaa ni lako hadi ulipwe, na bei ya chini. Kama hamna, hifadhi meseji zenu za WhatsApp na picha ya nambari ya utambulisho iliyopigwa nyuma ya kichwa cha gitaa. Likiwa limeuzwa bila wewe kulipwa, Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani, Nairobi, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili.