Jibu: Kwa nini Ebola ina dawa na Marburg haina?

Mkuu, umeuliza kwa nini Ebola imepata dawa ilhali Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, iliyotupiga Kagera 2023 na tena 2025, bado haina iliyoidhinishwa.

Dawa ya Ebola ilianzia kwenye damu. Mtu aliyepona Ebola kwenye mlipuko wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995 alitoa damu yake, wanasayansi wakachukua kingamwili zake (askari wa mwili wanaopambana na virusi), ikazaliwa dawa iitwayo Ebanga. Ikajaribiwa Kongo 2018–2019, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa huko, akiwa mmoja wa viongozi, Marekani ikaiidhinisha Desemba 2020. Miaka 25! Na iliwezekana kwa sababu wagonjwa walikuwa mamia. Milipuko ya Marburg mara nyingi ni midogo, huisha kabla utafiti haujaanza (tumshukuru Mungu kwa hilo), na huwezi kumwambukiza mtu makusudi ili ujaribu dawa.

Mimi ni muuguzi hapa Temeke. Kwenye mazoezi ya kujiandaa na milipuko tunavaa glavu mbili mbili, jasho linaingia machoni na huruhusiwi kujifuta. Tunavumilia kwa sababu mgonjwa akiwahi, dripu na matunzo ya mapema humwongezea nafasi ya kupona. Kwa hiyo, aliyekaa na mgonjwa wa Marburg akishikwa na homa ghafla, msimfungie ndani mkimpa panadoli. Pigeni simu ya afya, 199.